UZI: Mwalimu Chokaa wa Lindi, kocha wetu wa sekondari, na kamba yake ya katani

#1 Mla Ming'oko

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo zenu.

Mods, naombeni msiuunganishe uzi huu na zile za Ndanda na Namungo. Hauhusu ligi. Unamhusu mwalimu wa hisabati wa shule moja ya bweni mkoani Lindi, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa pia kocha wa riadha, bila senti ya ziada, kama walimu wa michezo wengi nchi hii. Jina la shule nalihifadhi, sababu mtaiona hapo chini. Jina lake nalo nalihifadhi kwa kuwa yuko hai, amestaafu, analima korosho zake, na hajanituma. Sisi tulimwita Mwalimu Chokaa. Waliopita pale wameshamjua.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki iliyopita nilikuwa natoka Mtwara, nikateremka Mingoyo, nikaona isiwe tabu, nichepuke nikaione shule. Mkorosho wa getini upo. Kengele ni ileile rimu ya lori. Nikazunguka nyuma ya bwalo kwenda uwanjani, nikakuta kona ya pili haipo. Pamejengwa vyumba vitatu vya madarasa, vizuri tu, bati la bluu. Sina ugomvi na madarasa, watoto ni wengi. Ila ardhi ya upande wa pili wa barabara iko tupu mpaka leo, imejaa upupu. Nani alikaa ofisini akaona pa kujenga ni kwenye kona ya uwanja wa mita 400?

Nilisimama pale nikatafuta alama. Mwalimu alikuwa amefukia kipande cha nondo kwenye kitovu cha kila kona, kichwa chake kikiwa chini ya udongo kiasi cha kidole. Usipojua huwezi kukiona. Cha kona ya kwanza nilikikuta, nikakipapasa kwa kiatu. Cha pili kiko chini ya sakafu ya darasa la mtu.

Sasa niwaeleze huyu mtu alikuwaje.

Jumamosi ya kuchora uwanja tuliamshwa saa kumi na moja. Wanne tunabeba ndoo za chokaa, wawili vigingi, na yeye mwenyewe amejitwisha kamba begani kama mvuvi wa Kitunda. Kamba ya katani, nene kama kidole gumba, imefungwa vitambaa vyekundu kila baada ya mita. Hakuna aliyeruhusiwa kuishika kabla yeye hajaipima upya kwa futikamba. Anafunga ncha moja kwenye ile nondo, anahesabu vitambaa mpaka mita 36 na nusu, anashika kopo la chokaa lililotobolewa chini, anaanza kutembea kinyumenyume kuzunguka kona. Kinyumenyume! Nusu duara nzima, hageuki nyuma, hajikwai, kamba imekazika haitetemeki. Sisi tumesimama na baridi yetu ya asubuhi, kimya, tunaangalia mstari mweupe unatoka chini ya miguu yake.

Akimaliza njia ya kwanza anasogea mita 1.22, anarudia. Njia sita. Jua likichomoza upande wa bahari, kazi imeisha, na yeye ni mweupe mpaka kwenye nyusi. Ndiyo maana ya lile jina.

Sehemu ya pili inakuja. Naitwa mezani.

#2 Kuchele Daima

Naweka kambi hapa. Mkuu usituache njia panda kama wale wa nyuzi za majini. Ukichelewa tunakufuata hukohuko Mingoyo.

#3 Bint wa Mtanda

Jamani mita 1.22! Mwili umenisisimka. Kaka umenifanya nimkumbuke yule baba mpaka harufu yake ya chokaa na sigara. Mimi ni wa miaka ya baadaye, lakini kamba ilikuwa ileile. Endelea, nina langu la kusema.

#4 Mla Ming'oko

Nimerudi.

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 1998. Wiki ya pili tukatolewa nje kujaribiwa. Mita 400, kila mtu kwenye njia yake. Mimi nikapangwa njia ya kwanza, nikainua macho, nikaona jamaa wa njia ya nne kasimamishwa mbele yangu huko, umbali wa kutupa jiwe. Nikapaza sauti: "Mwalimu, huyu kaanza mbele!"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaja, akanipa kipande cha chaki, akanionyesha ukuta wa stoo. "Piga hesabu. Ukipata kwamba umeonewa, tunahamisha mistari."

Mbio zikasimama. Wanafunzi arobaini wamekaa kwenye nyasi wananisubiri mimi, kitoto cha kidato cha kwanza kisichojua duara. Akanifundisha palepale. Njia ina upana wa mita 1.22. Anayekimbia njia ya pili anazunguka duara ambalo nusu kipenyo chake kimezidi cha mwenzake kwa hiyo 1.22. Kona mbili za uwanja ukiziunganisha ni duara moja kamili. Basi ziada anayokimbia ni mara mbili ya 1.22, mara 22 kwa 7. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Mita 7.67. Wa njia ya nne ana ziada tatu za namna hiyo, jumla mita 23.

"Kwa hiyo kaonewa nani?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Haya, rudi kwenye njia yako."

Nikawa wa mwisho. Lakini sikulalamika.

Ngoja niwape lile lililotuchanganya zaidi. Siku nyingine alitupeleka chini ya mwembe wa jikoni, akachora kiduara kinachotosha mbuzi kulala, halafu akachora kingine nje yake kwa mita 1.22. Akatuuliza: cha nje kimezidi kwa kiasi gani? Kila mtu akasema kidogo, maana viduara ni vidogo. Tukapima kwa kamba. 7.67! Ileile ya uwanja mkubwa. Duara liwe la mwembe au la dunia nzima, ukisogea nje kwa 1.22 umeongeza 7.67. Nina miaka arobaini na kitu na bado nikilala naiona kama uchawi.

Sasa safari ya Songea. Kanda ya Kusini enzi hizo ni sisi, Mtwara na Ruvuma, na mashindano ya UMISSETA, yale ya shule za sekondari, ngazi ya kanda yakaangukia Songea. Vijana wa siku hizi mnateleza kwa lami kutoka Masasi hadi Songea mkichezea simu. Sisi tulipanda lori la korosho, tumekaa juu ya magunia matupu. Baada ya Masasi ni vumbi, mchanga, vumbi. Kabla ya Tunduru lori likazama. Tukalala hapo. Na Tunduru ya simba mnaijua, babu zetu hawakuwa wanatunga. Mwalimu alikoka moto, akatupanga wasichana katikati, wavulana pembeni, yeye akakaa kwenye bodi na tochi mpaka asubuhi.

Kulipokucha, lori bado halijatoka, akapima barabara kwa hatua akasema tufanye mazoezi ya vijiti. Kijiti chetu kilikuwa kipande cha bomba la maji, sentimita 30, kimezungushiwa mpira wa baiskeli. Tukakimbia kwenye ule mchanga, utingo na dereva wakiwa ndio watazamaji.

Tukafika Songea usiku wa kuamkia mchujo. Kesho yake mita 400 mara nne. Mimi wa tatu. Nikanyoosha mkono nyuma, nikakigusa kijiti, kikaanguka. Kwisha habari. Tulikuwa tunaongoza.

Hakunisemesha. Hakunipiga, hakuninunia. Alifungua kaunta buku lake akaandika kitu, akafunga. Safari nzima ya kurudi nikawa najua ameandika ujinga wangu.

Nilikuja kuiona hiyo kurasa nikiwa kidato cha nne, aliponituma ofisini kwake kuchukua filimbi. Dhambi yangu, nilifungua. Nakumbuka neno kwa neno: "Kijiti kimeanguka. Mkono wa kupokea juu mno. Kosa la mwalimu: hawakuwahi kupokezana wakiwa wamechoka."

#5 Mzee wa Pantoni

Nasoma nacheka na kusikitika. Mimi nilitangulia, miaka ya themanini mwishoni. Mnalalamikia Tunduru, sisi kwenda Dar ilikuwa kuvuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mvua za masika zikianza mnasahau Dar kabisa, mnasubiri meli Mtwara au mnakaa kwenu. Daraja la Mkapa limekuja 2003, na hata hapo zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zikaendelea kutukamua miaka mingine mingi. Shule za kusini zilikuwa zinafika mashindanoni zimeshachoka. Watu wanatazama matokeo wanasema kusini hakuna vipaji.

Wakati wangu Chokaa alikuwa kijana, ana afro. Aliwahi kutukimbiza naye akatushinda. Hilo hamkuliona nyinyi.

#6 Kuchele Daima

Afro 😂 Mzee wangu weka picha.

#7 Bint wa Mtanda

Haya na langu.

Mwaka 2009, kidato cha tatu, nilikuwa nakimbia 800 na 1500. Mtu wa kusini anajua mwezi wa sita ni mwezi gani. UMISSETA mwezi wa sita, na salfa, dawa ya unga ya mikorosho, mwezi wa sita. Mkorosho ukianza kutoa maua mapya usipoupulizia, ugonjwa wa ubwiriunga unakula, na mwezi wa kumi huna cha kupeleka ghalani. Baba alikuwa amevunjika mkono. Akatuma ujumbe shuleni: mtoto arudi, hakuna wa kupuliza.

Nikafungasha. Mwalimu akaniambia niache mzigo bwenini, twende wote nyumbani. Tukafika na wavulana wanne. Baba yangu mtu mgumu, Mmwera wa shambani, alimkaribisha kwa heshima zote lakini akamwambia: "Mwalimu, mbio hazilipi ada." Mwalimu akajibu: "Kweli mzee. Shamba ni miti mingapi?"

Walilala kwetu siku mbili. Saa kumi alfajiri wanaingia shambani, kabla upepo haujaanza, maana salfa inataka hewa iliyotulia na umande kwenye jani. Mashine ya kupulizia mgongoni, kitambaa puani, vumbi la njano kama moshi. Mwalimu naye amevaa mashine, si kusimamia. Asubuhi ya pili alipomaliza mstari wa mwisho alikuwa wa njano kutoka kichwani. Mama akasema, "Leo Mwalimu si Chokaa, ni Salfa."

Nikaenda mkoani. Nikashika nafasi ya tatu mita 1500, kanda sikupata. Nikarudi shule, nikamaliza. Dada zangu wawili wakubwa hawakumaliza. Yule baba mkaidi ndiye aliyekuja kumwambia mjomba wangu asimtoe binti yake shule kwa ajili ya unyago, asubiri likizo ya Desemba. Sijui kama ni mbio au ni ile miti iliyopulizwa bure. Mimi sasa ni muuguzi.

#8 Nilipuliza Mimi

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu.

Dada, mimi ni mmoja wa wale wavulana wanne. Nafurahi ulimaliza shule, kweli kabisa. Lakini mseme yote. Sisi hatukuulizwa. Tuliambiwa saa kumi na mbili jioni "kesho mnakwenda na mimi", basi. Sikuwa mwanariadha mzuri, nilikuwa na nguvu tu. Nilikohoa salfa wiki mbili. Shamba la baba yangu mwenyewe halikuwa limepulizwa mwaka ule.

Mwaka uliofuata alinitaka tena kwa shamba la mwanafunzi mwingine. Nikakataa. Hakunipiga, ni kweli hakuwa mtu wa fimbo, katika shule ambayo wengine walikuwa wanatandika kupita vile viboko vinne vya kanuni. Ila jina langu halikuonekana tena kwenye orodha ya timu. Hakuniambia sababu. Nilikwenda uwanjani siku tatu mfululizo, ananiangalia kama kigingi.

Sijaja kuharibu sherehe. Nimeona mnamjenga mtu asiye na kivuli.

#9 Bint wa Mtanda

Kaka yangu. Sikulijua hilo. Nisamehe, na baba angekuwepo angekuomba radhi mwenyewe. Nimekuandikia ujumbe pembeni.

#10 Mla Ming'oko

Nilipuliza Mimi, asante. Nimekaa nao ujumbe wako tangu mchana. Nayaamini yote, kwa sababu hata mimi nilimwona akimnyamazia mtu. Yule mzee kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko fimbo, na nadhani alilijua hilo na alilitumia. Hapo sina cha kumtetea.

Niendelee na kilichobaki, nimalize.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mnaokumbuka mnakumbuka, michezo ya mashindano mashuleni ilisimamishwa. UMISSETA hakuna, UMITASHUMTA ya shule za msingi hakuna. Hoja ilikuwa watoto wasome. Walimu wa michezo wakaning'iniza filimbi. Shule nyingi ndipo viwanja vilipoanza kulimwa mihogo. Vipaji vya miaka ile vilipotelea wapi, Mungu anajua.

Chokaa hakugoma, hakuandika barua, si mtu wa barua. Alichofanya, aliandika kwenye ratiba ya darasa: "Hisabati, vitendo, nje." Jumamosi saa kumi na moja asubuhi, ndoo za chokaa kama kawaida. Tunachora uwanja, tunapiga hesabu za njia, tunahesabu mwendo kwa saa yake ya mkononi, tunapanga wastani, tunachora grafu. Na huwezi kupata mwendo wa mtu bila mtu kukimbia, sivyo? Mkaguzi alipita mara moja akakuta darasa zima liko uwanjani pekupeku, akauliza ni kipindi gani. Mwanafunzi mmoja akajibu, "Duara, mheshimiwa." Akaangalia daftari za watoto, zimejaa duara kweli. Akaondoka.

Michezo iliporudi, shule yetu ilikuwa na uwanja na watoto wanaokimbia. Majirani walikuwa na mihogo.

#11 Kuchele Daima

Hapo kwenye "Duara, mheshimiwa" nimeangusha simu. Sasa mkuu tuambie, vikombe vingapi? Na nani alitoka pale akaenda timu ya taifa? Weka majina tuyajue.

#12 Mla Ming'oko

Hakuna.

Kombe la wilaya mara kadhaa, la mkoa nakumbuka ni mara mbili wakati wangu, kanda sifuri. Timu ya taifa hakuna. Nimeandika kote huku bila kusema hilo kwa sababu nilijua swali lako linakuja, na niseme ukweli wangu hata kama wenzangu watanirushia mawe: Chokaa alikuwa kocha wa wastani. Mbinu za mbio alizijua za kwenye kozi ya likizo na vitabu vya zamani. Alituanzisha mita 400 kwa kasi ya kuchinja, mita 300 tumekwisha. Watoto wenye vipaji vikubwa aliwafundisha sawasawa na sisi magogo, na nadhani angalau mmoja alihitaji zaidi ya hapo akakikosa.

Lakini uwanja wake ulikuwa wa haki. Mimi nimekimbia viwanja vingine baadaye, wamechora kwa macho, njia moja pana kama barabara, nyingine huwezi kupita na baiskeli, wa nje kasogezwa "kidogo hivi". Ukishindwa pale hujui umeshindwa na mtu au na mchoraji. Kwa Chokaa ukiwa wa mwisho unajua ni wewe. Kijana wa miaka kumi na tano kujua hivyo ni jambo kubwa, na sikulipata darasani wala nyumbani.

Mwaka 2019, michezo ya kitaifa ya UMISSETA ilipofanyika Mtwara, tulimpigia simu tukamlipia nauli aje aone. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Nilimpokea stendi, amevaa suti ya kaki. Tulipofika uwanjani hakuwaangalia wakimbiaji. Alisubiri mapumziko, akashuka pembeni ya njia, mikono nyuma, akaanza kupiga hatua zake zile, midomo inahesabu. Akafika mstari wa kuanzia wa njia ya pili, akachuchumaa, akaugusa mstari kwa kidole, akainuka.

"Sawa," akasema. Halafu akauliza pweza wa kukaanga wanauzwa wapi.

#13 Fundi wa Masasi

Natokea Masasi, nina kazi ya ujenzi. Huyu mzee alinifundisha miaka miwili kabla sijaacha shule kwa ada. Kwenye kamba yake kulikuwa na sehemu yenye mafundo kumi na mawili, mnaikumbuka? Tatu, nne, tano. Unafunga vigingi vitatu, pembe mraba inajitoa yenyewe, hakuna mabishano. Alikuwa anaitumia kuhakikisha sehemu zilizonyooka zinakutana na kona bila kupinda.

Nyumba zote nilizojenga tangu 2004 nimeanza na hiyo. Vijana wangu wananiambia fundi, kuna mashine siku hizi. Nawaambia leteni kamba.

#14 Ticha Mgeni

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwalimu ajira mpya, nimepangiwa shule ya kata mkoa wa Mtwara, huku ndani. Nimekabidhiwa michezo kwa sababu ni mdogo kuliko wote ofisini, ndivyo ilivyo. Nimesoma uzi wote usiku. Naomba msaada kweli: uwanja wetu una urefu wa mita 90 na upana 60, zaidi ya hapo ni mikorosho ya watu. Futikamba ninayo, kamba nitanunua. Nawezaje kuchora njia nne hapo?

#15 Mla Ming'oko

Mdogo wangu, karibu. Chukua kalamu.

Mita 400 haitoshi hapo, usijisumbue. Chora uwanja wa mita 200, mizunguko miwili ndiyo 400.

Kwanza upana. Njia nne mara 1.22 ni 4.88, pande mbili 9.76. Acha mita moja moja pembeni watoto wasiingie kwenye mikorosho. Unabakiwa na mita 48 na kitu katikati. Nusu yake 24. Hiyo ndiyo kamba yako ya kona: kutoka kwenye kitovu, mita 24, huo ni mstari wa ndani wa njia ya kwanza.

Mkimbiaji hakanyagi mstari, anakimbia sentimita 20 nje yake. Kwa hiyo pima duara la mita 24.2. Mara mbili, mara 22 kwa 7, unapata 152.11. Toa kwenye 200, inabaki 47.89. Gawa kwa mbili: sehemu iliyonyooka ni mita 23.94 kila upande. Vitovu vya kona zako mbili vitaachana kwa umbali huohuo. Ukijumlisha urefu wote na njia zake unatumia chini ya mita 84. Umebakiwa na mita sita za kupumua.

Pembe mraba fanya kama alivyosema Fundi hapo juu, tatu, nne, tano.

Kuanzia: kama wanakimbia mzunguko mmoja ndani ya njia zao, kila njia sogeza mbele 7.67. Mizunguko miwili ndani ya njia, ni mara mbili yake, 15.34. Mita 100 usiikimbize kwenye huo mzunguko, tafuta mstari mnyoofu, hata barabara ya shule.

Na fukia nondo kwenye vitovu. Mwaka kesho utanishukuru.

#16 Mzee wa Pantoni

Naongeza moja ambalo wengi hawakulijua. Kamba ikiwa ya katani, ikilowa umande inakuwa fupi. Ndiyo sababu Chokaa alikuwa anaipima upya kwa futikamba kila asubuhi kabla ya mtu kuigusa. Nyinyi mlidhani ni ushirikina.

#17 Nilipuliza Mimi

Na usiilaze chini usiku. Itundike darini. Mimi ndiye nilikuwa naitundika.

#18 Ticha Mgeni

Wakubwa, nimerudi. Jumamosi tumechora. Saa kumi na moja, wanafunzi kumi na wawili, majivu ya jikoni maana chokaa mkuu kasema hakuna bajeti. Kona ya kwanza imetoka imepinda kama ndizi, tukafuta. Ya pili ikakubali. Njia nne, nondo mbili zimefukiwa.

Tukajaribu mzunguko mmoja. Kabla sijapuliza filimbi, kabinti ka njia ya kwanza kamenyoosha mkono, kanasema kameonewa, wa njia ya nne kaanza mbele.

Nifanyeje?

#19 Mla Ming'oko

Mpe chaki.